Mekatilili wa Menza: Mama wa Katilili aliyekataa kuwatoa wana wa Wagiriama

KATIKA vijiji vya Bungoma na mashamba yanayouzunguka mji wa Kitale, mama mkongwe anapofariki hakosi kusomewa wasifu. Mmoja wa wajukuu husimama mbele ya waombolezaji, kijitabu mkononi, akataja mwaka aliozaliwa marehemu, mume aliyemwoa, watoto aliowazaa, na idadi ya wajukuu na vitukuu aliowaacha.

Husifiwa kwa kulima, kupika, kulea na kusali. Baada ya hapo jeneza huteremshwa kaburini, waombolezaji hutawanyika, na kijitabu kile huhifadhiwa chini ya godoro hadi kiliwe na mchwa.

Wasifu wa aina hiyo haudanganyi, ila huacha mengi. Miongoni mwa Wabukusu kuna desturi ya kumuse, ambapo mzee mweledi husimama mbele ya umati baada ya mazishi na kusimulia historia ya ukoo na jamii nzima. Heshima hiyo kwa kawaida hutengewa wazee wanaume. Kukhu, kama bibi anavyoitwa huko, huenda na historia yake kimyakimya, kana kwamba kulea na kulisha watu hakukuwa sehemu ya historia ya nchi.

Ndiyo maana inafaa kuyakumbuka maisha ya mama mmoja wa kijijini ambaye historia ilishindwa kumnyamazia. Hakuzaliwa Bungoma wala Kitale, bali upande wa pili wa nchi, katika nyika ya Kilifi. Hata hivyo, maisha yake yaligusana na magharibi ya Kenya kwa namna ambayo wengi hawaijui. Huyo ni Mekatilili wa Menza.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi. Alikuwa binti wa Menza, na masimulizi ya Wagiriama yanasema alizaliwa Mutara wa Tsatsu, eneo la Bamba, katika karne ya 19. Mwaka wenyewe haukuandikwa popote, kwani waliokuwepo hawakuhesabu umri kwa kalenda ya karatasi. Inasimuliwa kuwa alikuwa binti wa pekee kati ya watoto watano.

Msiba wa kwanza mkubwa wa maisha yake ulikuwa wa kumpoteza ndugu. Mmoja wa kaka zake, aliyeitwa Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Hapakuwa na kaburi la kulilia wala habari ya kupokea.

Wakazi wa Kitale wanaweza kuielewa simulizi hiyo kwa urahisi. Mji wao nao unasimuliwa kuwa uliwahi kuwa kituo cha misafara ya watumwa, kabla ya walowezi kuja na kuugeuza kitovu cha mashamba makubwa ya mahindi. Barabara zilizowabeba watoto wa watu zilipita pande zote mbili za nchi.

Mnyazi alipokua aliolewa na mwanamume aliyeitwa Dyeka, wakafanya makao Lutsangani. Walijaliwa watoto, na mmoja wao akaitwa Katilili. Tangu hapo Mnyazi akawa Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Kwa Wagiriama, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Kenya, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, na jina la usichanani hubaki na wale waliomjua utotoni.

Hivyo basi, jina linalotajwa leo katika vitabu vya shule ni jina la mama. Kila tunapomtaja shujaa huyu, tunamtaja pia mtoto wake, hata kama tumesahau kwamba tunafanya hivyo.

Wakati huo Wagiriama walikuwa wakulima na wafanyabiashara hodari. Walikuwa wametoka katika kaya zao za zamani, zile ngome takatifu ndani ya misitu, wakatapakaa hadi ng'ambo ya mto Sabaki, ambako ardhi ilikuwa na rutuba. Mahindi yao yaliuzwa katika miji ya pwani. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kambi, na kaya kuu, Kaya Fungo, ilibaki kuwa moyo wa jamii hata baada ya wakazi wake wengi kuhamia mbali.

Utawala wa Kiingereza ulipokomaa pwani, maofisa walimwona Mgiriama kwa macho tofauti. Palihitajika vibarua katika mashamba ya wazungu na katika kazi za serikali, na Wagiriama hawakuwa na haja ya kwenda. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake na ghala lake. Mwanamume mwenye chakula nyumbani hana sababu ya kulima shamba la mgeni kwa ujira mdogo.

Serikali ikaamua kuwalazimisha. Mnamo Oktoba 1912, ofisa kijana kwa jina Arthur Champion alipelekwa kuwatawala Wagiriama kwa karibu. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kuteua wakuu wa vijiji watakaomtii, na zaidi ya yote kuwapata vijana wa kwenda kufanya kazi.

Mkubwa wake huko pwani alikuwa Charles Hobley, na hapa ndipo hadithi ya Wagiriama inapokutana na ya Wabukusu. Hobley huyo huyo ndiye aliyekuwa mwakilishi wa serikali huko Mumias mwaka wa 1895, wakati Wabukusu waliposhambuliwa katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Watu wa Bungoma hawajaisahau Chetambe, kilima kinachoutazama mji wa Webuye, ambako babu zao waliuawa kwa bunduki wakiwa na mikuki na ngao. Miaka 18 baadaye, mtawala aliyeijua njia hiyo ya kuwatiisha watu alikuwa ameketi Mombasa akiwatazama Wagiriama.

Kufikia mwaka wa 1913 Mekatilili alikuwa mjane, na umri wake ulikuwa wa mwanamke ambaye jamii humwita hawe, yaani bibi. Hakuwa na cheo chochote serikalini, wala hakuwa mzee wa kambi. Mali yake ilikuwa ulimi wake na heshima ambayo jamii humpa mama aliyekwisha kulea.

Alianza kuzunguka vijijini akicheza kifudu. Ngoma hiyo ni ya matanga, ngoma ya kuwaaga wafu, na popote ilipochezwa watu walikusanyika bila kuitwa. Mekatilili aliichukua ngoma ya msiba akaifanya njia ya kuwaamsha walio hai. Watu walipokusanyika alizungumza nao kuhusu kodi, kuhusu wakuu waliokubali kutumwa na serikali, na kuhusu vijana waliokuwa wakiitwa kwenda mbali.

Hoja yake ilikuwa ya mama kuliko ya mwanasiasa. Alikuwa amemwona ndugu yake akichukuliwa bila kurudi. Sasa aliwaona wageni wengine, kwa jina lingine na kwa sheria nyingine, wakija tena kuwataka wana wa Wagiriama. Kwake, tofauti kati ya msafara wa watumwa na orodha ya vibarua haikuwa kubwa kama maofisa walivyodhani.

Katikati ya mwaka huo wa 1913 umati mkubwa ulikusanyika Kaya Fungo. Mekatilili alikuwepo, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ambaye baadhi ya masimulizi humtaja kuwa mkwewe. Viapo vikaliwa. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho kiliogopwa kuliko vyote. Waliapa kutoshirikiana na serikali, kutotoa vibarua na kutolipa kodi.

Athari zilionekana upesi. Wakuu walioteuliwa na serikali hawakusikilizwa tena, na baadhi yao waliogopa hata kutembelea vijiji walivyodaiwa kuvitawala. Champion akabaki na kambi, askari wachache na vitabu vya kodi ambavyo havikuwa na wa kuandikwa.

Masimulizi yanayopendwa zaidi kumhusu Mekatilili ni yale ya kuku. Inasemekana kwamba katika baraza la Agosti 1913 alifika mbele ya Champion akiwa na kuku na vifaranga vyake, akamtaka ofisa huyo ajaribu kukichukua kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku alimrukia na kumdonoa. Mekatilili akamweleza kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa iwapo atathubutu kumchukua mwana mmoja wa Wagiriama.

Watoto wa shule hucheka wanapoisikia hadithi hiyo, na ni haki yao. Lakini kwa wasikilizaji wa siku ile haikuwa mzaha. Kila mama aliyekuwepo alimjua kuku wake, na alijua kwamba kiumbe huyo mwoga, anayekimbia akitupiwa kijiti, hugeuka akamkabili hata mwewe pindi vifaranga vinapoguswa. Mekatilili hakuhitaji kueleza zaidi.

Serikali haikusubiri. Mekatilili na Wanje walikamatwa mnamo Oktoba 17, 1913, wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano mbali na kwao. Walipelekwa magharibi ya nchi. Watafiti wengi wanasema walifungwa Kisii, ilhali masimulizi mengine yanataja Mumias, makao makuu ya utawala yaliyosimamia pia Wabukusu wakati huo. Iwe ni huku au kule, mama huyu wa nyika alijikuta katika nchi ya baridi na mvua, miongoni mwa watu ambao lugha yao hakuijua.

Utawala wa kikoloni uliipenda mbinu hiyo ya kumng'oa mtu kutoka kwa watu wake. Miaka mingi baadaye, Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alitendewa jambo hilo hilo kwa mkondo wa kinyume. Baada ya askari kuwafyatulia risasi waumini huko Malakisi mnamo Februari 10, 1948 na kuwaua watu 11, Masinde alikamatwa na hatimaye akapelekwa Lamu. Mama wa pwani alihamishiwa magharibi, na mwana wa magharibi akahamishiwa pwani. Waliowahamisha waliamini kwamba mti ukiondolewa katika udongo wake hunyauka.

Mekatilili hakunyauka. Mnamo Januari 1914 yeye na Wanje walitoroka, wakaanza safari ya kurudi kwao kwa miguu. Safari hiyo hutajwa kuwa ya karibu kilomita 1,000, kupitia misitu, mabonde na nyika yenye wanyama wakali. Hawakuwa na ramani wala fedha, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa umri wa bibi.

Hakuna aliyeandika walikula nini njiani au walilala wapi. Ni wazi tu kwamba katika mwendo mrefu kiasi hicho hawangefika bila msaada wa watu wa jamii nyingine waliowapa maji, chakula na mahali pa kujistiri. Yamkini wengi wa waliowasaidia walikuwa akina mama, kwa maana ndio wanaokuwa nyumbani mgeni anapobisha. Majina yao hayajulikani, na huenda hayatajulikana kamwe.

Mekatilili alipofika kwao aliendelea pale alipoachia. Aliwahimiza watu washike viapo vyao na warejeshe utawala wa kaya. Serikali nayo ilikuwa imekwisha kufikia uamuzi kwamba kiini cha ukaidi wa Wagiriama ni Kaya Fungo. Mnamo Agosti 4, 1914, maofisa walilipua malango na miti mikubwa ya kaya hiyo kwa baruti na kuyateketeza yaliyosalia. Siku hiyo hiyo, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani huko Ulaya.

Siku chache baadaye Mekatilili alikamatwa tena. Mapigano yakazuka kabla ya mwezi kumalizika. Inaelezwa kuwa kilichowasha moto ni askari polisi kumbaka mwanamke wa Kigiriama, naye akauawa kwa kitendo hicho. Wanajeshi wa KAR waliingizwa, vijiji vikachomwa na mifugo ikatwaliwa. Wagiriama wasiopungua 150 waliuawa, wengi wao wakikabili bunduki kwa mishale.

Masharti ya amani yalikuwa mazito. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kuhama ardhi yao yenye rutuba kaskazini ya Sabaki, na kutakiwa kutoa wanaume 1,000 wa kufanya kazi ya upagazi katika vita vya wazungu. Wapagazi hao ni wale wa jeshi la mizigo ambalo liliacha jina lake katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Kwa mama aliyeanza harakati zake ili wana wasichukuliwe, hakuna sharti ambalo lingeuma zaidi ya hilo. Mtu anaweza kusema kwamba alishindwa. Yaliyofuata, hata hivyo, yanaonyesha vingine.

Mekatilili alihamishwa tena, safari hii akitajwa kupelekwa Kismayu, kaskazini. Wakati huo serikali ilianza kugundua kwamba ushindi wake ulikuwa na hasara. Wagiriama waliofukuzwa ng'ambo ya Sabaki walikumbwa na njaa, mahindi waliyokuwa wakiuza pwani yakatoweka, na vibarua waliotarajiwa hawakumiminika. Taratibu, amri zikalegezwa. Watu wakaanza kurudi ng'ambo ya mto, na kufikia mwaka wa 1919 Mekatilili na Wanje walikuwa wamekubaliwa kurejea nyumbani.

Zaidi ya hayo, waliruhusiwa kurejea Kaya Fungo yenyewe. Wanje aliongoza baraza la wanaume na Mekatilili akaongoza la wanawake, mahali pale pale palipolipuliwa kwa baruti. Serikali ilikuwa imempa, kwa kuchelewa na bila kukiri, sehemu ya yale aliyokuwa akiyadai.

Alifariki katikati ya miaka ya 1920, na akazikwa Bungale, katika eneo la Magarini. Hakuacha barua, shajara wala hotuba iliyonakiliwa. Tunachokijua kumhusu kinatoka katika ripoti za maofisa waliomchukia na katika vinywa vya bibi na babu waliowasimulia wajukuu wao.

Kenya huru ilichukua muda mrefu kumkumbuka. Sanamu yake ilizinduliwa mjini Malindi mwaka wa 2010, na kila Agosti Wagiriama wamekuwa wakikusanyika huko kumuenzi. Kaya Fungo ni mojawapo ya misitu ya kaya za Mijikenda ambayo mnamo 2008 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mnamo Agosti 9, 2020, picha yake ilipamba ukurasa wa Google, na vijana wengi wakalisikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Heshima hizo anazistahili. Lakini sanamu zina kasoro moja, kwamba humtenga mtu na nyumba yake. Humfanya Mekatilili aonekane kama jitu lililotokea ghafla uwanjani likiwa limekunja ngumi. Ukweli ni kwamba kabla ya kuwa shujaa alikuwa binti aliyempoteza kaka, mke aliyefiwa na mume, na mama aliyeitwa kwa jina la mwanawe. Ujasiri wake haukutoka nje ya maisha hayo ya kawaida. Ulitoka humo humo.

Wanawake wa namna hiyo walikuwepo Bungoma na Kitale pia. Wapo waliobaki na watoto wachanga wakati ngome ya Chetambe ilipoanguka. Wapo waliowalea wana wao katika kambi za vibarua kwenye mashamba ya walowezi wa Trans-Nzoia, wakilima ardhi ambayo si yao kwa posho ya unga. Wapo waliouza kuku na ndizi sokoni ili mtoto mmoja alipiwe karo. Wapo waliowangoja waume na wana waliokamatwa baada ya Malakisi.

Kwa kuwa hawakucheza kifudu mbele ya ofisa wa serikali, hakuna ripoti iliyowataja. Kumbukumbu zao ziko katika vichwa vya mabinti na wajukuu wao, ambao nao wanazeeka. Kila mwezi, Jumamosi moja baada ya nyingine, kumbukumbu hizo zinafukiwa pamoja na wenyewe.

Wagiriama walimhifadhi Mekatilili kwa kuwa bibi walisimulia na wajukuu wakasikiliza. Laiti wangengoja siku ya mazishi ndipo waulizane habari zake, leo tungekuwa na ripoti za Champion na Hobley pekee, na ndani ya ripoti hizo yeye ni mchochezi tu.

Mwenye kukhu ambaye bado yu hai, iwe ni Sirisia, Kimilili, Kiminini au Endebess, angefanya vyema kwenda kuketi naye wikendi hii na kumuuliza jina alilopewa na wazazi wake kabla hajawa mama wa fulani. Kutoka hapo, ayaandike yatakayofuata, maana yeye mwenyewe hatakuwepo kuyasahihisha siku yatakaposomwa.